Rivolva za kale zinazogombewa, na jinsi ya kuusoma mwili wake

Anza na skrubu. Kabla hujasoma maandishi ya kwenye mtutu na kabla hujauliza bei, shika kioo cha kukuzia, sogea karibu na skrubu za ubavuni. Kwenye rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya Colt ya mwaka 1873 ambayo haijachezewa, mfereji wa kichwa cha skrubu ni mwembamba, kingo zake zimesimama, na mara nyingi mle ndani kumebaki bluu angavu ya moto, kama ya shingo ya tausi, hata kama kichwa chenyewe kimeshapauka. Kingo zikiwa zimeliwa na kupinda, mtu amekwishaingiza bisibisi isiyolingana. Hapo maswali yanaanza: aliingia kutafuta nini, akabadilisha nini, na je, alichotoa ndicho alichorudisha?

Rivolva mbili za aina moja, zilizotoka kiwandani wiki moja, zinaweza kupishana bei mara kumi. Umri peke yake haulipi. Wakusanyaji wanalipia chuma ambacho hakijaguswa, namba zinazolingana, na karatasi inayothibitisha silaha ilitoka lini na ikaenda wapi. Nitazitaja zile zinazogombewa zaidi, na kwa kila moja nitasema pa kuangalia, maana jina kubwa ndilo huvuta mafundi wa kughushi.

Colt Single Action Army

Hii ndiyo iliyochunguzwa kuliko zote, na ndiyo iliyoghushiwa kuliko zote. Kiwanda cha Colt cha Hartford, Connecticut, kilianza kuitengeneza 1873 na kikaendelea hadi Vita Kuu ya Pili, zaidi ya 357,000. Wakusanyaji huiita hiyo kizazi cha kwanza. Cha pili kilianza 1956, namba zake zikimalizikia na herufi SA, na cha tatu 1976. Fedha nzito iko kwenye kizazi cha kwanza, hasa zile zilizonunuliwa na Jeshi la Marekani: takriban 37,000, oda ya kwanza ikiwa ya 8,000 mwaka 1873, zote kaliba (kipenyo cha risasi) .45, mtutu wa inchi 7½, na herufi US ubavuni mwa fremu upande wa kushoto.

Kila mkaguzi wa jeshi aliacha herufi zake. Zenye OWA, yaani Orville W. Ainsworth, zilikaguliwa miaka ya mwanzo kabisa, na kutoka kundi hilo ndimo zilimotoka zile za Kikosi cha 7 cha wapanda farasi kilichopigana Little Bighorn, vita maarufu dhidi ya makabila ya asili ya Marekani, tarehe 25 Juni 1876. Ndiyo maana bei yake iko juu. Za Henry Nettleton, wa 1878, ni chache na zinatafutwa sana. Zenye DFC, za David F. Clark, ni nyingi zaidi, na kwa anayeanza ndizo ningemshauri azisome kwanza, kwa sababu akishika kumi atajua chapa halisi inakaaje.

Namba ya silaha hii imepigwa mahali patatu: chini ya fremu, mbele ya kinga ya kifyatulio, na kwenye uti wa mpini chini. Za miaka ya mwanzo zina namba pia kwenye mtutu na silinda. Zote zilingane, na zilingane si kwa tarakimu tu bali kwa umbo la tarakimu: mkia wa 7, tumbo la 5, nafasi kati ya moja na nyingine. Mghushi akipata fremu ya kweli na uti wa mpini wa silaha nyingine, hufuta namba kwa tupa na kupiga upya. Weka rula juu ya sehemu hiyo uitazame kwenye mwanga wa pembeni. Palipopigwa tupa pamebonyea kidogo, na mwanga hupita chini ya rula katikati.

Kuna kundi moja ambalo sheria hii haifanyi kazi, na wengi huumia hapo. Kati ya 1895 na 1903 jeshi lilirudisha maelfu ya rivolva hizi karakana, likakata mitutu hadi inchi 5½ na kuziunga upya bila kujali sehemu ipi ilitoka wapi. Hizo huitwa Artillery. Namba zake zilizochanganyika ni za halali kabisa, na mara nyingi utakuta herufi RAC za mkaguzi Rinaldo A. Carr aliyezipokea upya. Mtu akikuuzia Artillery yenye namba zinazolingana zote, muulize kwa makini zaidi ya kawaida. Zipo chache za hivyo. Nyingi "zimelinganishwa" baadaye.

Urefu wa mtutu hupimwa kutoka mdomoni hadi uso wa mbele wa silinda. Urefu wa kawaida ulikuwa inchi 4¾, 5½ na 7½. Mtutu uliokatwa na fundi wa mtaani hujitangaza kwa mambo matatu: anwani ya kiwanda iliyo juu ya mtutu haikai katikati tena bali imesogelea mdomo, nundu ya kulengea imeunganishwa upya na inaonyesha mstari wa kulehemu, na ukingo wa mdomo hauna ule mviringo laini wa kiwandani. Kwenye mtutu halisi wa inchi 4¾, mdomo unakaribia kulingana kabisa na mwisho wa nyumba ya kitoa maganda, yaani bomba la kando ya mtutu lenye fimbo ya kusukumia maganda nje.

Fremu nayo ina tarehe yake. Zile za kabla ya miaka ya 1890 zina skrubu iliyolala mshazari mbele ya fremu, inayoshika pini ambayo silinda inazungukia. Kuanzia 1892 ikaanza kuingia komeo ya springi inayopita kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na kufikia 1896 ndiyo ikawa ya kawaida. Fremu ya skrubu ni ya enzi ya baruti nyeusi. Usiweke risasi ya kisasa humo. Chuma cha silinda zile hakikutengenezwa kwa shinikizo hilo, na Colt wenyewe hawakutoa dhamana ya baruti isiyo na moshi hadi 1900.

Sasa ngozi ya nje. Fremu na nyundo zilichomwa kwenye mkaa wa mifupa kisha zikatumbukizwa majini, zikatoka na mawingu ya bluu, kahawia na kijivu yanayoingiliana bila mpaka. Mtutu, silinda na uti wa mpini zilipakwa bluu. Mawingu hayo hufifia kwa jua na jasho hadi kuwa kijivu cha fedha, lakini kwenye kona zilizojificha, kando ya nyundo na chini ya silinda, hubaki. Rangi ikiwa imejaa kila mahali sawasawa, hata pale mkono unaposhika, imepakwa upya. Na kama kuna vishimo vya kutu, vitazame ndani kwa kioo: bluu ikiwa imeingia hadi chini ya kishimo, basi kutu ilitangulia na rangi ikafuata. Huo ni ushahidi usio na utetezi.

Kusugua nako kuna dalili. Mashine ya kung'arishia hula ukingo wa matundu ya skrubu, yakawa kama visahani vidogo. Hula pia kona za fremu zilizotakiwa kuwa kali, na huburuta herufi hadi zikawa na mikia upande mmoja. Rangi ya kupaka kwa pamba, isiyohitaji moto, huacha harufu kali ya kemikali ukiisugua kwa kidole chenye joto. Chapa ya US iliyopigwa juzi hujulikana kwa midomo: chuma kikipigwa huinuka pembeni mwa herufi, na kiwandani midomo hiyo ilisuguliwa kabla fremu haijachomwa. Pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, ondoka.

Mwisho, vibao vya mpini. Za jeshi ni kipande kimoja cha mti wa walnati chenye mihuri ya wakaguzi iliyodidimizwa, na mara nyingi namba ya silaha imeandikwa kwa wino ndani ya mfereji unaokalia uti wa mpini. Usiuvue kwa nguvu ili kuona. Mti uliokauka miaka 140 hupasuka kwenye ncha ya chini.

Walker na ndugu zake wa fataki

Colt Walker ya 1847 ndiyo kilele cha rivolva za fataki, yaani zile zinazowashwa na kikombe kidogo kinachovikwa nyuma ya kila chumba cha silinda na kugongwa na nyundo. Zilitengenezwa 1,100 tu, kwenye kiwanda cha Eli Whitney Mdogo huko Whitneyville, kwa sababu Samuel Colt wakati huo hakuwa na kiwanda. Kile cha Paterson, New Jersey, kilikuwa kimeanguka tangu 1842. Elfu moja zilikwenda jeshini, zikagawanywa kwa herufi za kombania A, B, C, D na E, na mia moja zilizobaki, namba 1001 hadi 1100, zikawa za raia na za zawadi. Ina kaliba .44, mtutu wa inchi 9, na uzito wa zaidi ya kilo 2. Kila chumba cha silinda kilimeza takriban greni 60 za baruti, zaidi ya mara mbili ya ile ya Colt Navy ya 1851.

Chache zimebaki kwa sababu zilijimaliza zenyewe. Chuma cha silinda hakikuwa sawa, askari walijaza kupita kiasi, wengine wakashindilia risasi ya mchongoko kichwa kikiwa nyuma, na silinda ikapasuka. Kasoro ya pili unaweza kuiona kwa macho hadi leo: wenzo wa kushindilia ulishikwa na springi dhaifu tu chini ya mtutu. Silaha ikiruka kwa mshindo, wenzo unadondoka, ncha yake inaingia chumbani, silinda inakwama. Watumiaji waliufunga kwa ukanda wa ngozi, na alama ya msuguano wa ukanda huo kwenye mtutu ni jambo zuri kulikuta. Mwaka 2018 Walker ya raia iliyo ndani ya sanduku lake iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 1.84.

Silinda ilikuwa na picha ya mapigano iliyochorwa na Waterman Ormsby na kuviringishwa kwa rola. Kwa rivolva zote za fataki za Colt, kiasi cha picha kilichobaki ndicho kipimo cha kwanza cha hali. Kwenye Navy ya 1851 picha ni ya vita vya majini vya Campeche vya 16 Mei 1843, na tarehe hiyo imeandikwa pale pale. Navy zilitengenezwa zaidi ya 200,000 Hartford na takriban 42,000 London, kwa hiyo iliyochakaa si adimu hata kidogo, ila yenye picha nzima ni kitu kingine. Kagua kabari inayoshika mtutu, iwe na namba. Kagua vifa, pale fataki zinapovikwa, visiwe vimepondwa na nyundo iliyopigwa bila fataki.

Za upande wa Kusini wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani zinapendwa kwa uchache wake. LeMat, iliyobuniwa na Jean LeMat wa New Orleans, ina vyumba tisa vinavyozungukia mtutu wa pili wa marisau, na ncha ya nyundo inageuzwa kuchagua upi upigwe. Zilitengenezwa takriban 2,900, nyingi Paris. Griswold & Gunnison ya Georgia ni nakala ya Navy yenye fremu ya shaba, takriban 3,700 kabla kiwanda hakijachomwa Novemba 1864. Hawakuwa na chuma kizuri, basi walichukua nondo za chuma wakazipinda kwa moto ili nyufa za ndani zisiende moja kwa moja na shinikizo. Silinda halisi ukiiinamisha mwangani inaonyesha mistari ya mshazari, kama ya kamba iliyosokotwa. Nakala za Kiitaliano zenye fremu ya shaba zinazozeeshwa kwa tindikali hazina mistari hiyo, na mara nyingi zina eneo lililobonyea pale mihuri ya majaribio ya Italia ilipofutwa.

Smith & Wesson

Kampuni hii ilishika hataza ya Rollin White ya silinda iliyotobolewa moja kwa moja hadi nyuma, na kwa sababu hiyo washindani wa Marekani walibaki na fataki hadi hataza ilipoisha 1869. Modeli inayogombewa zaidi ya karne ya 19 ni Schofield ya 1875. Inavunjika katikati, mtutu ukishuka maganda yote yanarushwa kwa pamoja. Zilitengenezwa chini ya 9,000 kwa matoleo mawili. Tatizo lililoiua lilikuwa risasi: silinda yake ni fupi mno kwa .45 ya Colt, huku risasi ya Schofield ikiingia vizuri kwenye Colt. Bohari za jeshi zikapeleka maboksi yasiyofaa kwa vikosi visivyofaa, na jeshi likabaki na Colt.

Nyingi ziliuzwa, na kampuni ya usafirishaji ya Wells Fargo ikachukua baadhi zilizokatwa mtutu hadi takriban inchi 5, zikapigwa chapa ya W.F. & CO. EX kwenye nyumba ya kitoa maganda chini ya mtutu. Chapa hiyo inaongeza bei, na kwa hiyo Schofield nyingi zilizokatwa ovyo zimepewa chapa bandia. Bila karatasi, ilipe kama Schofield iliyokatwa.

Kwa karne ya 20, mbili zinatosha. Triple Lock, iliyotoka 1908 hadi 1915, takriban 15,000, silinda yake hushikwa mahali patatu: nyuma, ncha ya fimbo ya kutolea maganda, na kwenye mkono wa silinda unapokutana na fremu. Hiyo ya tatu ni kazi ya usanifu wa saa. Ifungue polepole uone kipande kidogo kilichochongwa kwa mkono. Toleo lililofuata liliiacha kwa sababu ya gharama. Ya pili ni Registered Magnum ya 1935, .357 ya kwanza. Mteja alichagua mtutu wa inchi 3½ hadi 8¾, nundu ya kulengea, na mpini, kisha akapata cheti. Namba ya usajili, ikitanguliwa na REG, imepigwa ndani ya fremu pale mkono wa silinda unapokaa: fungua silinda uisome. Usajili ulikoma 1939 baada ya silaha zaidi ya 5,000. Cheti kikiwepo, bei inapanda sana.

Python na Webley, kwa kifupi

Colt Python ya 1955 si ya kale sana lakini inagombewa kama dhahabu kwa ajili ya bluu yake iliyosuguliwa hadi kuwa kioo. Kasoro yake iko ndani. Kifyatulio kikibanwa hadi mwisho, kidole kinachosukuma silinda kinaendelea kuisukuma ili isicheze hata kidogo, na ndicho kinacholika. Jaribu ikiwa tupu: vuta nyundo polepole mno kwa kila chumba huku ukisikiliza. Kizuizi cha silinda kinapaswa kulia tiki kabla au pamoja na nyundo kufika mwisho. Nyundo ikitangulia, inahitaji fundi anayeijua Colt ya zamani, na hao wanapungua.

Kwa Waingereza, Webley-Fosbery inayojirudisha yenyewe ndiyo lulu: sehemu ya juu inateleza nyuma kwa mshindo, na mifereji ya zigizaga kwenye silinda inaizungusha. Zilikuwa chini ya 5,000, na za .38 zenye vyumba vinane ni chache kuliko za .455. Kuhusu Webley Mk VI ya 1915, tazama nyuma ya silinda. Nyingi zilizoingia Marekani zilinyolewa ili zipokee .45 ACP, risasi ya bastola za Marekani, kwa vibanio vya nusu mwezi. Pengo kubwa kati ya silinda na bamba la nyuma linakwambia hivyo. Thamani ya ukusanyaji imeanguka, na shinikizo la .45 ACP linakaribia au kupita lile ambalo Webley ilijaribiwa nalo.

Karatasi, usalama, kabati

Colt na Smith & Wesson zote zina kumbukumbu zinazotoa barua ya kiwanda kwa malipo: kaliba, urefu wa mtutu, rangi, mpini, tarehe ya kutoka na mahali ilikopelekwa. Agiza barua kabla ya kulipa fedha kubwa, si baada. Barua ikisema nikeli na inchi 7½ huku mkononi una bluu na inchi 4¾, bei inabadilika papo hapo. Nguvu ya kumbukumbu ilionekana Agosti 2021: Colt ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia jambazi Billy the Kid iliuzwa Bonhams kwa zaidi ya dola milioni 6, na ilikuwa imepauka. Kilicholipiwa ni mnyororo wa umiliki usiokatika, ukiwemo ushahidi wa kesi ambayo mjane wa Garrett aliishinda ili arudishiwe silaha.

Sheria ya Marekani inaihesabu silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla kuwa ya kale na kuitoa kwenye masharti mengi ya shirikisho. Nchi nyingine zina mipaka yake, na pembe za ndovu kwenye mpini zina sheria zake mpakani. Uliza kabla ya kusafirisha.

Rivolva ya fataki uliyoletewa ichukulie kuwa imeshindiliwa. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu haifi kwa miaka 150. Elekeza mdomo pasipo na mtu, usiiguse nyundo, ingiza kijiti cha mbao kwenye kila chumba kutoka mbele, weka alama, kisha kilaze nje ya silinda. Kijiti kikifika karibu na kifa, chumba ni kitupu. Kikiishia katikati, kuna risasi; usitoboe, usipashe moto, mpelekee fundi wa silaha za baruti nyeusi.

Kutunza ni kufanya kidogo. Futa alama za vidole kwa kitambaa cha pamba chenye mafuta mepesi, kisha paka tabaka jembamba la nta ya makumbusho. Kutu nyekundu ya juu ilowekwe mafuta siku kadhaa, kisha isuguliwe taratibu kwa kipande cha shaba laini. Usiitie msasa, usitumie dawa ya kung'arishia. Nikeli isiguswe na kitu chenye amonia, maana hupenya ufa ikala shaba iliyo chini na nikeli ikabanduka kama ganda. Vibao vya mpira mgumu viepushwe na jua. Weusi wake hugeuka kahawia na haurudi. Na usihifadhi silaha ndani ya mfuko wake wa ngozi, hata kama ndio wa asili: ngozi huvuta unyevu na hushika kemikali za kuitengenezea, na vyote huishia kwenye bluu. Viweke kabati moja, rafu tofauti, unyevu wa hewa kati ya asilimia 40 na 50, barua ya kiwanda ikiwa kwenye bahasha isiyo na tindikali yenye namba ileile ya silaha.